Nilivyomwonea wivu baba yangu mzazi kwa sababu ya kusoma kwa binti yangu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Wengi mnanijua kwa nyuzi za safari na za redio za zamani. Leo naleta jambo la nyumbani. Ninayoandika yalitokea, na sijatia chumvi. Chumvi iliyomo waliitia wahusika wenyewe.

Nimesukumwa na uzi wa juzi wa yule mama aliyelalamika kwamba mwanawe wa miaka sita akiketi na dada wa kazi anasoma vizuri, lakini akiketi na yeye anakuwa bubu. Wachangiaji wakamwambia mtoto ana kiburi, mwingine akasema amerogwa. Nilicheka, halafu nikanuna peke yangu jikoni.

Kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe.

Kwanza mnijue. Nimezaliwa upande wa Ekerenyo, ambako siku hizi ni Nyamira lakini wakati huo tuliita Kisii yote. Shule niliiacha darasa la nne. Akili nilikuwa nayo, shida ilikuwa miguu. Mwalimu akieleza mto fulani unakotoka, mimi nataka niende nikauone.

Basi nikaenda. Nilichuma majani chai Kericho, nikapasua mawe ya barabara, nikauza samaki wakavu Suneka, nikakaa Nyamarambe kwa fundi mmoja wa redio. Kila nilipopita nilisoma. Gazeti lililofungiwa nyama, maandishi ya gunia la mbolea, notisi ya chifu iliyoloa mvua, yote nilisoma. Nilipenda kusoma kuliko kula.

Katikati ya kuzunguka huko nikaoa. Mke wangu, Moraa, nikamwacha nyumbani katika boma la baba yangu kama ilivyokuwa kawaida, nikarudi barabarani. Binti yetu Kerubo alizaliwa nikiwa Kericho. Nilikuwa nakuja mara moja moja, nalala kidogo, naondoka.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nikarudi nikasema sasa natulia. Kerubo alikuwa anakaribia umri wa darasa la kwanza. Enzi zile hakukuwa na cheti cha kuonyesha: unaambiwa upitishe mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili unaingia. Ukikosa, nenda ukachunge mbuzi mwaka mwingine.

Nilifika mchana na sukari na kitenge cha mama yake. Mtoto akajificha nyuma ya Moraa, akauliza kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliisikia:

"Huyu mgeni atalala hapa?"

Moraa akaona aibu. "Wee! Msalimie babako."

Akanisalimia vizuri kabisa, macho chini, mkono mmoja umeshika mwingine, kama anavyosalimiwa chifu. Halafu kutoka migombani ikasikika sauti ya mzee wangu:

"Mke wangu! Uko wapi wewe mvivu? Njoo unisomee, macho yangu yameenda sokoni hayajarudi!"

Wakuu, yule mtoto alikimbia. Huku nyuma mkono wangu ulikuwa bado umenyooshwa.

Hapo ndipo kile kitu kiliponiingia.

Niwaeleze wasio wa kwetu. Kwa Wakisii, babu na mjukuu ni watani. Babu anamwita mjukuu wa kike mke wangu, mjukuu anamwambia babu huna meno, nani atakupikia, na hakuna anayekasirika. Lakini baba na mwana, au baba na binti, hapo kuna chinsoni. Ni heshima yenye haya ndani yake. Humtanii baba yako, humbishii, humwangalii machoni sana. Na mzee hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Nyumba ya baba yangu na yangu zilitenganishwa na uwanja ambao mbuzi anauvuka kwa pumzi moja, lakini tangu nioe hakuwahi kuingia kwangu.

Mama yangu alikuwa ameshafariki. Mzee alikuwa na majani chai kidogo, migomba, Biblia aliyojifunza kuisoma kwa wamishonari wa Sabato akiwa kijana, na Kerubo.

Kesho yake nikaenda kuchungulia wanafanya nini.

Mzee alikuwa amekata mgomba uliokwisha kuzaa na kuubandua maganda. Upande wa ndani wa lile ganda ni mweupe na laini. Anachora herufi kwa mwiba wa mlimau. Mwanzoni huoni kitu. Mnangoja kidogo, mnapiga stori, halafu herufi inaanza kujitokeza kahawia, polepole, kama kitu kinachopanda kutoka chini ya maji. Kerubo alikuwa amelala kifudifudi akilingojea neno.

"Haya, mke wangu, hapo nimeandika ng'ombe."

Neno likajitokeza. Lilikuwa embori, yaani mbuzi.

"Uongo!" akapiga kelele. "Hiyo ni mbuzi! Mzee huyu hajui ng'ombe na mbuzi! Ndiyo maana ulikosa meno!"

"Mimi? Mimi niliyefuga ng'ombe kabla babako hajazaliwa? Nionyeshe basi ng'ombe anaandikwaje."

Akamnyang'anya mwiba, akaandika huku akimtukana. Na aliandika sawa.

Nilisimama nyuma ya mgomba nikahisi kama mtu aliyekuta mwingine amevaa koti lake. Maana hii ilikuwa kazi yangu. Ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa huyu mtoto. Shamba sikuwa nalo, ng'ombe sikuwa nao, hata jina zuri kijijini sikuwa nalo. Nilikuwa na kusoma tu. Na mzee ameshaingia hapo na viatu.

(Samahani, mvua ilikatiza mtandao. Naendelea.)

Sasa kulikuwa na jambo la kanisani. Sabato ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, watoto waliokuwa karibu kuingia darasa la kwanza walikuwa wakisimama mbele na kusoma mstari wa Zaburi. Aliyemfundisha mtoto anasimama naye na kumshikia Biblia. Kanisa zima linaona. Baada ya hapo mnapewa mikono kama watu waliovuna.

Nikaapa kwamba siku hiyo Biblia ya Kerubo nitaishika mimi. Nikiishika, hakuna atakayeniita mgeni tena, awe yeye au yule jirani yetu aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi, "Bado upo?"

Nilienda Kisii mjini nikanunua sleti, lile bamba jeusi lenye fremu ya mbao, na chaki, na kitabu cha kwanza chenye picha za rangi. Nikamwambia Moraa kuanzia leo mtoto atasomea ndani ya nyumba yetu, jioni, baada ya kuteka maji.

"Kwa nini ndani? Nje kuna mwanga."

"Ndani kuna utulivu."

Akaniangalia. Alijua. Ndani ndiko mzee asikoweza kufika.

Jioni ya kwanza Kerubo aliketi kwenye kigoda, sleti mapajani, kichwa kimeinama. Nikaandika a. Akasema a. Nikaandika e. Kimya. Nikamwambia usiogope. Kimya zaidi. Chaki ilikuwa imeloa jasho la vidole vyake. Mtoto huyuhuyu asubuhi alikuwa amemwambia babu yake kwamba anaandika kama kuku aliyekunywa pombe.

Niliwaza labda ni kitabu, nikabadilisha. Labda ni njaa, nikaleta ndizi. Wapi.

Lakini baada ya siku chache mambo yakabadilika, nikadhani nimeshinda. Kerubo alianza kusoma kwa sauti. Sauti kubwa kabisa, ameelekea ukutani, anakata maneno moja moja. Akikosea ananyamaza, anafikiri, anarudia, anapata. Sikuwa na haja hata ya kumsahihisha. Nilikuwa nimekaa pale nimekunja miguu kama mwalimu mkuu.

Nilitembea Ekerenyo sokoni nikijigamba. Nikamwambia hata muuza chumvi. "Binti yangu namfundisha mwenyewe. Hawa wazee na maganda yao ya migomba, walikuwa wanampotezea muda."

Jambo moja tu lilinisumbua siku zile. Mzee alikuwa na kikohozi. Alikuwa amehamishia kazi yake ya kusuka vikapu vya majani chai nje ya nyumba yangu, upande ule jua la jioni linapiga ukuta, na nilikuwa namsikia akikohoa kohoa. Kikohozi kimoja kikavu, halafu kimya. Nikasema mtu mzima huyu, kifua kitamuua. Hata kama namwonea wivu, ni baba yangu. Nikamnunulia dawa ya chupa dukani. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Mungu akubariki, kijana wangu. Kifua kweli kinanisumbua jioni."

Moraa alikuwa anakamua maziwa. Nikaona mabega yake yanatikisika. Nikafikiri analia kwa huruma.

Siku iliyofuata mzee alikwenda kwenye mazishi Nyamira. Jioni Kerubo akaketi na sleti, akaelekea ukutani, akaanza kusoma. Akafika neno refu, akalikosea, akanyamaza akisubiri. Akasubiri. Akageuka akaangalia dirisha. Halafu akaweka sleti chini.

"Soma," nikasema.

"Siwezi, tata," akasema, yaani baba. "Hakuna mtu."

"Hakuna mtu? Mimi ni nani?"

Akainamisha kichwa. Moraa aliyekuwa jikoni akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika mlango.

"Baba Kerubo, kweli hukujua? Mtoto anamsomea babu yake huko nje! Akikosea, mzee anakohoa. Akipata, mzee ananyamaza. Na wewe ukaenda ukamnunulia dawa!"

"Na wewe umekaa kimya?"

"Ningesema nini? Mzee ameketi nje. Hajakanyaga ndani. Desturi gani imevunjwa?"

Wakuu, nimewahi kulala na njaa Kericho, nimewahi kuangukiwa na jiwe barabarani. Sikuwahi kuumia kama jioni ile.

Mtaniuliza, kwa nini usimwendee mzee mkayamaliza? Hamjanielewa. Chinsoni niliyoieleza iko pia kati yangu na yeye. Ningemwambia nini baba yangu? Acha kumpenda mjukuu wako? Hata yeye asingeweza kuniambia niache. Sisi wawili hatujawahi kugombana hata siku moja, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yenyewe. Vita vyote vilikuwa vinapita kwa mtoto na kwa ukuta.

Kwa hiyo nikaamua kumwiga. Nilishaona ujanja wake: anakosea makusudi, mtoto anamsahihisha, mtoto anapata nguvu. Kama ni kukosea, hata mimi najua kukosea.

Nikaandika embori kwenye sleti, kubwa. Nikajichekesha uso.

"Haya Kerubo! Hapa nimeandika ng'ombe!"

Nikangoja aniambie uongo. Nikangoja aniambie sina meno, nilikuwa tayari hata kwa hilo.

Aliangalia neno. Niliona amelijua, midomo yake ilianza kulitengeneza. Halafu akaangalia miguu yangu.

"Ng'ombe," akasema polepole.

"Una hakika?"

"Ndiyo, tata. Ng'ombe."

Nilifuta sleti kwa kiganja. Ningeweza kumwambia mlima ule ni ziwa, angesema ndiyo, tata, ni ziwa. Angeacha anachokijua ili asimwaibishe baba yake. Nilikuwa sijamfundisha kusoma, nilikuwa namfundisha kutosoma. Na hata hapo, nawaambia ukweli, sikumhurumia yeye kwanza. Nilichofikiri kwanza ni kwamba mzee angepata matusi pale.

Basi Sabato ikafika.

Nilivaa tai. Mzee alivaa koti lake la harusi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake atafanya nini. Kanisa lilijaa, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Wengine wakasoma wakiwa na mama zao, mmoja na shangazi yake.

Mzee wa kanisa akaita, "Kerubo."

Akatoka mbele na gauni lake la kijani. Biblia ikawekwa kwenye meza ndogo.

"Nani amemfundisha mtoto huyu? Aje amshikie."

Nikasimama.

Upande wa pili, kwenye benchi la wazee, baba yangu naye alikuwa amesimama.

Huwezi kushindania kitu na baba yako mbele za watu, nikaketi. Naye aliponiona nimesimama, akaona haya kumnyima mwanawe, naye akaketi. Nikaona ameketi, nikainuka, kisha haya ikanirudisha chini. Akaona nimeketi tena, akainuka. Watu wakaanza kucheka kwa kujibana. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Hawa wanapiga pampu ya kisima?"

Mwisho tukaketi wote wawili, mimi na tai yangu, yeye na koti lake, kila mmoja akiangalia sakafu.

Na Kerubo yuko mbele peke yake.

Mzee wa kanisa akafungua mdomo kumwambia mtoto arudi akakae. Nilimwona Kerubo akiniangalia, kisha akimwangalia babu yake. Alikuwa anasubiri mmoja wetu. Hakuna aliyekwenda.

Akanyoosha mikono yote miwili, akaivuta Biblia kutoka mezani. Ilikuwa nzito kwake, akaiegemeza tumboni. Akatupa mgongo. Mimi, mzee, mchungaji, kanisa zima tukabaki na mgongo wa gauni la kijani. Watu wakaguna, maana mtoto hageuzii wakubwa mgongo.

Halafu akasoma.

Alisoma mstari wake, polepole, kwa sauti ileile kubwa. Kwenye neno refu akakwama. Nikashika benchi. Upande wa pili nikaona mkono wa mzee umeshika goti. Kerubo akalirudia neno mwenyewe, kipande kwa kipande, akalishinda. Mstari ukaisha.

Hakuacha. Akaendelea na uliofuata, ambao hakuna aliyempa. Na uliofuata huo. Mzee wa kanisa akamgusa bega, "Inatosha, binti, inatosha," naye akasema, "Ngoja nimalize," akamaliza Zaburi nzima.

Watu walimpa mikono yeye. Mimi na mzee hakuna aliyetupa hata kidole.

Tulirudi nyumbani tukifuatana, mimi na baba yangu, wanawake na Kerubo wakiwa mbele wanapiga vigelegele. Halafu mzee akasema:

"Ametupa mgongo."

"Nimeona."

"Mstari ulikuwa mmoja."

"Mmoja."

"Lile neno refu. Kila siku ni mimi ninayemwambia lile neno." Akatembea kidogo. "Leo hata hakuniangalia."

Nilimgeukia. Uso ule niliutambua, wakuu. Ndio uso niliokuwa nao mimi tangu siku ile mkono wangu ulipobaki umenyooshwa. Nikaona kumbe tuko wawili. Sikuwahi kuwa karibu na baba yangu kama kwenye ile njia.

Kerubo akaenda shule, akafaulu, akawa mwalimu wa darasa la kwanza mpaka akastaafu. Amefundisha watoto wa watoto kusoma. Mzee alishatangulia mbele za haki. Mwaka juzi walimfanyia Kerubo sherehe ya kustaafu, mjukuu wangu mmoja akamshikia maikrofoni akamuuliza, "Wewe mwenyewe nani alikufundisha kusoma?"

Mimi niko mstari wa mbele, na tai.

Kerubo akafikiri. "Sikumbuki kufundishwa," akasema. "Nafikiri nilijisomea."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia, lakini si sana.

Nilichojifunza nakiacha hapa kwa yule mama wa juzi. Mwanao hana kiburi, wala hajarogwa. Mtoto anayeanza kusoma lazima akosee sana, na anakosea vizuri mbele ya mtu ambaye anaweza kumcheka. Kama wewe hakucheki, mtafutie anayemcheka, babu, dada wa kazi, yeyote. Kisha uketi mbali na uchukie kimya kimya, kama wanaume.

Nikiri pia kwamba somo hili nalijua kichwani tu. Tumboni bado sijakubali.

Uwanja ni wenu. Wewe nani alikushika mkono ukaandika herufi yako ya kwanza? Watu wa Kisii na Nyamira njooni mniambie kama kwenu wazee walitumia ganda la mgomba au kitu kingine. Mkitaka kunicheka kwa ile dawa ya kikohozi, chekeni, nimezoea.

Ombi langu ni moja tu. Kama baba yako bado yu hai, na siku moja akakuuliza kwa kujifanya hajali nani alikufundisha kusoma, usiwe mkweli sana.